Usikohoe, Mwite

Skola mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tuko nyumba moja, na leo asubuhi umeniambia shikamoo huku unatazama ndoo. Nami nimeitikia marahaba huku natazama ndoo hiyo hiyo. Ndiyo maana nimekaa hapa mchangani, pembeni ya vichanja vya usipa, na kalamu yako uliyoiacha dirishani. Wewe umekwenda na bibi yako kuwaaga wanakwaya. Jua limetoka baada ya mvua ya asubuhi na nina dagaa hawa wa kuangalia, kwa hiyo ukiona mwandiko umebadilika katikati ya mstari, ujue nilinyanyuka kufukuza kunguru.

Kesho gari la Mbinga linakuja kukuchukua. Mambo ya sabuni, ya kufua sare, ya kuwahi namba shuleni, sitayaandika. Kwanza unayajua. Pili, kuanzia kesho yana mtu wa kuyasema, na mtu huyo si mimi. Unaona? Barua ndiyo kwanza inaanza na tayari nimeshamchoma mtu. Nivumilie. Nataka kukuandikia juu ya ile ahadi niliyokuapisha siku waliyokuja baba yako na mkewe, na siwezi kuifikia bila kupita kwenye wivu wangu, kwa sababu ndiko ilikotoka.

Siku ile ulikuwepo, lakini mengi hukuyaona, ulikuwa unapeleka maji na kurudi. Walifika mchana, baba yako mbele, Eufrasia nyuma yake ameshika viatu mkononi kwa sababu ya mchanga. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nimevaa kitenge cha Pasaka, nimesuka, nimepaka mafuta mpaka viwiko. Kumbe nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya mtu niliyemtengeneza mwenyewe kichwani, mwanamke mrefu, mwenye maringo na kucha za rangi. Akaja mwanamke mfupi, mnene kidogo, anatoka jasho, anacheka ovyo kwa woga. Akapiga goti kumsalimia bibi yako, "Shikamoo mama." Bibi yako akaitikia kwa furaha kubwa mpaka nikamkasirikia mama yangu mzazi.

Tukala. Alikula ugali wetu wa mhogo bila kukunja uso, na hilo nalo likaniudhi. Kisha akanisogelea.

"Dada, Skola anapenda kula nini?"

"Anakula chochote," nikamjibu.

"Hata hivyo kuna anachokipenda zaidi. Niambie nijue."

"Hapendi maharage."

Bibi yako akageuza shingo. "Skola huyu? Hapendi maharage? Mbona..."

"Mama, mboga inaungua," nikamkatiza, na jikoni hapakuwa na mboga yoyote motoni.

Eufrasia akawa anarudia polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, "Hapendi maharage, hapendi maharage." Na huko Mbinga, mwanangu, maharage ndiyo mboga ya kila siku, hata wageni wanakaribishwa nayo. Nilitaka ahangaike. Nilitaka asimame sokoni asijue anunue nini, aseme mtoto huyu ni mgumu, ni mama yake tu anayemweza. Kwa hiyo mwambie mapema kwamba unayapenda, na kwamba ni mimi niliyekosea. Usikae muhula mzima ukiwatazama wenzako wakila.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kilichonimaliza ni dereva. Mvua ilikuwa inafunga upande wa ziwa, naye akapiga honi kule barabarani akaita kwa sauti, "Mama Skola! Mama Skola, tuondoke jamani, barabara itaharibika!"

Nikaitika, "Abee!"

Na Eufrasia akaitika, "Abee!"

Sauti zetu zikatoka pamoja kama tumefanya mazoezi. Bibi yako, ambaye kwake kila kitu ni kichekesho, akapiga makofi. "Haya! Skola ana bahati. Akilia, wanakuja wawili."

Eufrasia akashika mdomo. "Nisamehe dada. Ni mazoea ya mjini tu. Yeye wanamwita Baba Skola, basi na mimi wakaanza..." Hakumaliza. Baba yako akawa anatazama kamba za viatu vyake, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Mwanangu, mimi shuleni niliitwa Agnesi. Tangu nilipokuzaa, nami sijamaliza hata kukua, hakuna anayeniita hivyo tena, isipokuwa padri na karani wa kliniki. Huku Ngumbo ukiuliza Agnesi watu watakuuliza, yupi huyo? Nyumba nilikuwa nayo nikaiacha. Mume nilikuwa naye nikamwacha. Kutoka kule milimani nilishuka na wewe mgongoni na jina hilo mdomoni mwa watu, Mama Skola, na hivyo viwili ndivyo nilivyoviita vyangu. Sasa nasikia kuna mtu analivaa mjini kila siku, analifulia, analiendea sokoni, wala hakuja kuliazima kwangu. Kesho anakuchukua na wewe. Niliona kama amekuja kumalizia.

Gari lilipoondoka nikakuita nyuma ya nyumba. Nikakwambia uniapie kwamba hutamwita mama, hata siku moja. Ukauliza, "Na mama mdogo je?" Nikasema hata mama mdogo. Ukanitazama kwa muda, ukaapa. Tangu siku hiyo hunitazami tena usoni. Nilidhani nimepata nilichokitaka.

Nimenyanyuka kidogo. Wingu lilipita juu, nikavuta turubai, nikalifunua tena. Sasa nikueleze mara ya kwanza wivu uliponifanya mjinga, kwa sababu sijawahi kukwambia kwa nini hasa nilimwacha baba yako. Uliponiuliza nilikuwa nasema, "Tulishindwana." Hatukushindwana. Mimi ndiye niliyekimbia.

Nilipoolewa Litumbandyosi nilikuwa msichana wa ziwani. Najua kuanika samaki na kutwanga mhogo, basi. Kule shamba limesimama wima, mvua moja tu ingeteremsha udongo wote bondeni, ndiyo maana wanalima ngolo. Mwanaume anafyeka majani, yanakauka, anayalaza chini kwa mistari inayokatizana, kama vyumba vidogo vidogo. Kisha mwanamke anachimba udongo katikati ya kila chumba na kuyafunika yale majani. Pembeni panakuwa na matuta, unapanda maharage. Katikati panabaki shimo, maji ya mvua yanakaa humo mpaka ardhi iyanywe.

Chini ya shamba letu kulikuwa na shamba la Kolumba. Mumewe alikuwa kazini mbali. Jembe lake lilikuwa linaimba, na bibi yako wa kule, mama mkwe wangu, alikuwa hamalizi chakula bila kumtaja. "Mtazameni Kolumba, matuta yake yamenyooka." Hakunitukana, ila kila akimtaja nilikuwa nahesabu kama tusi.

Msimu mmoja baba yako akawa amelaza majani nusu ya shamba, akaitwa msibani Kigonsera. Akaniambia, "Nisubiri, nikirudi nitamalizia, wewe ufunike." Nikatazama chini, nikamwona Kolumba ameshafika katikati. Sikusubiri. Ile nusu isiyo na majani nikaivuta udongo mtupu nikatengeneza matuta hivyo hivyo. Ukiyatazama kwa juu hujui. Mama mkwe akapita, akasimama, akashika kiuno. "Heee, Mnyasa! Kumbe!" Ile kumbe nililala nayo nikaamka nayo, ilikuwa tamu kuliko asali.

Mvua ilipokuja kubwa, matuta yangu hayakuwa na kitu cha kuyashika ndani. Yakabomoka moja baada ya jingine, udongo na mbegu vikamwagika kwa Kolumba, vikavunja na ya kwake. Asubuhi akapanda hadi kwetu, kiganja kimejaa maharage yenye matope, akanionyesha mbele ya watu. "Dada, umenitumia maharage, ahsante. Lakini mbona hukuyapika kabisa?"

Watu wakacheka. Leo najua alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Ningecheka na mimi, tungeshika majembe, yangeisha siku hiyo hiyo. Mimi nilisikia ananifanya kichekesho.

Baba yako aliporudi akashuka kumsaidia kutengeneza matuta yake, ndiyo haki, maana maji yalitoka kwetu. Mimi nikabaki juu na wewe mgongoni. Nikawaona wanacheka. Nilichokiona ni hicho tu, Skola. Watu wawili wameshika majembe, wanacheka. Mengine yote niliyatengeneza mwenyewe, na niliyatengeneza vizuri kuliko yale matuta. Nikatengeneza walianza lini, wanakutana wapi, mama mkwe anajua, kijiji kizima kinajua. Aliporudi nikamuuliza, "Mlikuwa mnacheka nini?" Akasema, "Nani? Lini?" Alikuwa amesahau. Kule kusahau kwake nikaona ndio ushahidi. Na angekumbuka, ningefanya ushahidi vilevile. Hapo hakuna jibu ambalo lingemwokoa.

Nikakufunga mgongoni nikashuka ziwani. Alikuja kunifuata. Nilijificha jikoni kwa jirani, bibi yako akamwambia nimekwenda Liuli, huku ananikunjia uso kupitia uwazi wa mlango. Akaja tena, nikajificha tena. Kisha akaacha kuja. Nikasema, mnaona? Hakuwa ananitaka. Hata hilo nililitengeneza.

Wewe ulikuwa umeanza shule nilipokutana na Kolumba sokoni Mbinga. Alinikumbatia mpaka kitenge kikanivuka. Nikajikaza nikamuuliza juu ya siku ile. Akafikiri, halafu akaangua kicheko kile kile. "Si mume wako! Alinisimulia alivyomwambia mama yake kwamba fuko ndio waliobomoa matuta yako, ili asikuseme. Naye mama akamuuliza, 'Fuko wa wapi hao, wa Ngumbo?' Tukacheka mpaka mbavu zikauma."

Alikuwa ananitetea. Walikuwa wanacheka uongo aliomwambia mama yake kwa ajili yangu, na mimi juu kule nimesimama navunja nyumba yangu. Nilirudi na gari nimekaa dirishani, sikuona njia.

Sikuandikii haya ili umwonee baba yako huruma au unionee mimi. Nakuandikia kwa sababu huko unakokwenda utaona mengi usiku na mchana, na mengine utayamalizia mwenyewe, maana una kichwa kama changu. Kwa hiyo nakwambia ninachofanya siku hizi. Kitu kikinichoma, najiita kwa jina langu la shule, nauliza: Agnesi, umeona nini? Siulizi umejua nini, kwa sababu hapo nina majibu elfu. Umeona nini kwa macho? Juzi mteja wangu wa kila siku alikipita kichanja changu akaenda kununua kwa mwenzangu. Nikawaka. Umeona nini? Nimeona amepita. Amenidharau, nimeona wapi? Sijaona. Baadaye nikagundua alikuwa anamkimbiza mtoto wake aliyeelekea majini, akajikuta yuko kule, akaona aibu kuondoka mikono mitupu. Jambo lenyewe lilikuwa fupi hivyo. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumtungia ukoo mzima.

Jambo jingine nililoligundua, usicheke. Maamuzi yangu mabaya yote niliyafanya nikiwa nimesimama. Nilisimama shambani. Nilisimama mlangoni na mzigo. Nilisimama nyuma ya nyumba nilipokuapisha. Sasa hivi nikiona nataka kusema neno kubwa, natafuta pa kukaa kwanza. Ndiyo maana hujapata barua hii tangu siku ile. Sikuwa nimekaa.

Na usidhani aliyetulia hasikii kitu. Mimi nasikia vyote. Sasa hivi naona wivu na vitu ambavyo hata vyenyewe havijui. Atakusuka yeye, naona wivu na chanuo chake. Mtakuwa na bomba uani, naona wivu na hilo bomba, maana wewe na mimi maneno yetu yote mazuri tuliyasemea njiani na ndoo kichwani. Ukipata hedhi ukaumwa tumbo, ni yeye atakayekuchemshia maji. Ukifaulu somo, yeye atajua mchana na mimi nitajua mtandao ukishika. Huo wivu sijui kuutoa. Nimejifunza tu kuukalisha pembeni yangu, nisiupe jembe.

Basi nimejiuliza na juu ya Eufrasia. Umeona nini, Agnesi? Nimeona mwanamke amepiga goti kwenye mchanga mbele ya mama yangu. Nimeona anauliza mwanangu anapenda kula nini. Nimeona ameitika jina ambalo wengine walimwita, kisha akaona haya. Huo ndio mwisho wa nilichokiona. Mwizi sikumwona. Na wewe unamwita mama yule wa maandazi, unamwita mama mwalimu wako wa hesabu, unamwita mama kila mwanamke aliyekutangulia kuzaliwa, wala sijawahi kuumwa hata kidogo. Kwa huyu mmoja tu, ambaye ndiye atakayekufungulia mlango ukirudi shuleni umelowa, ndiyo nimekuziba mdomo.

Jana ulipokuwa unakunja nguo uliniuliza, macho yako kwenye sanduku, "Mama, nikiumwa nikataka kumwamsha, nimwiteje?"

Nikasema, "Mwite jina lake."

Ukashtuka. "Mtu mzima? Eufrasia? Baba atanipiga."

"Basi usimwite."

Ukakunja sketi, ukaikunjua, ukaikunja tena. "Basi nitakuwa nakohoa. Nitasimama mlangoni nakohoa mpaka asikie."

Hukuwa unatania. Ulikuwa umeshalifikiria, umeshatafuta njia ya kuniheshimu mimi na kutomkosea yeye, na njia uliyoipata ni kusimama mlangoni kwa watu, unaumwa, unakohoa. Nilitoka nje nikajifanya naangalia moto. Skola, mimi nilikuachisha ziwa, nilikufundisha kutembea kwenye mchanga huu, na siku unayoondoka nimekufungia mzigo ambao hata mtu mzima asingeubeba. Ulichokuwa unaapa siku ile ni kwamba hutanisahau. Hilo sikulisikia. Nilisikia nimeshinda.

Ahadi ile haipo. Naifuta mimi niliyekuapisha, wala hutaulizwa na mtu, hapa wala mbinguni. Usikohoe. Mwite. Anza na mama mdogo ukitaka, na siku neno fupi likija lenyewe mdomoni, usilimeze kwa ajili yangu. Wakimwita Mama Skola sokoni, usiwasahihishe. Jina hilo nililipata kwa kukuzaa, hakuna namna ya wewe kuzaliwa tena na mtu mwingine ili alichukue. Linaweza kufanya kazi sehemu mbili. Hili naliandika nikiwa nimekaa.

Nina maombi mawili ya mtu mwenye wivu, uyakubali. Ukija likizo, siku chache za mwanzo, mbele yangu mtaje kidogo kidogo. Usije ukashuka tu kwenye gari ukaanza mama kasema, mama kapika. Nipe muda wa kukaa. Nami najifunza, na wewe unajua nikishika kitu huwa sikiachi, shule sikuimaliza si kwa sababu ya ujinga, ni karo tu. Nina matumaini na mimi mwenyewe. Labda ipo siku nitakuuliza mwenyewe, "Mama yako wa Mbinga hajambo?" na sauti isitetemeke.

La pili ndilo kubwa. Usimwambie kwamba nimekuruhusu. Usimwonyeshe barua hii, usimwambie mama amesema. Akijua limetoka kwangu, kila ukimwita atakuwa ananiona mimi nimesimama nyuma yako. Acha siku utakayomwita ageuke na kijiko mkononi, adhani neno hilo umelitoa wewe, kwa kupenda kwako tu.

Nawasikia mnarudi, bibi yako anaimba sauti ya pili peke yake. Ukifika hapa nitakuomba unisaidie kuanua usipa. Nitazame.

Ni mimi, mama yako,
Agnesi